Usugu wa dawa mabandani: tumfundishe mfugaji wa kuku, au tulifunge kabati la muuza dawa?

Mtoa hoja

Ndugu wanajamvi, naomba tulijadili jambo ambalo wengi wetu wenye mabanda ya kuku tumelifanya, nami nikiwamo: kununua antibaiotiki bila cheti cha daktari, kisha kuimwaga kwenye maji ya kuku kwa kukadiria na kijiko cha chai. Tanzania imekuwa na mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa tangu mwaka 2017, na sasa tumo katika mpango wa pili unaoishia 2028. Wapo wanaosema kuwafundisha wafugaji ni kupoteza muda, kwa kuwa dawa ikipatikana dukani itanunuliwa tu. Mimi nasimama upande wa mafunzo, ila si mafunzo ya kuitwa ukumbini asubuhi moja, kugawiwa kipeperushi na soda, na kuambiwa tuache kutumia dawa ovyo.

Mfugaji haweki dawa kwa sababu ya ujinga. Anaiweka kama bima. Kuku wa nyama huishi wiki 5 au 6, na hasara ikiingia katika wiki ya 3 hakuna muda wa kuifidia. Chukueni mfano wa Gumboro, ugonjwa wa virusi wa kuku ambao chanjo yake kwa kawaida hutolewa mara ya kwanza siku ya 14 au karibu na hapo. Ikiwa chanjo hiyo imesafirishwa kwa bodaboda ndani ya mfuko bila barafu, au imechanganywa na maji ya bomba yenye klorini, virusi hai vya chanjo hufa kabla ya kumfikia kuku, na mfugaji huamini amechanja kumbe amewanywesha maji matupu. Gumboro inapoingia huharibu kinga ya kuku, na bakteria ambao kuku mwenye afya angewamudu wanapata nafasi. Vifo vikianza, mfugaji anakimbilia antibaiotiki ya oksitetrasaiklini, nayo ikishindwa anapanda kwenye nyingine, enrofloksasini, ingawa hakuna kati ya hizo iwezayo kuviua virusi vilivyoanzisha balaa. Siku ya pili akiona vifo vimepungua, anaacha, ili dawa iliyobaki imfae kwa kundi lijalo. Bakteria wanaosalia ndio walioweza kuistahimili dawa, nao hawabaki bandani. Hutoka na mbolea inayouzwa kwa wenye bustani za mchicha.

Kosa hapo lilianzia kwenye chanjo, siku kadhaa kabla ya dawa kununuliwa. Kwa hiyo mafunzo ninayoyatetea ni ya mtindo wa shamba darasa: kikundi cha wafugaji wa mtaa mmoja wanakutana kila wiki katika banda la mwenzao, tangu vifaranga wanapoingia hadi wanapouzwa, wakiandika vifo, chakula, chanjo na kila shilingi ya dawa. Njia hii ilianza Indonesia mwaka 1989 kwa wakulima wa mpunga, waliokuwa wakipulizia viuatilifu vingi hadi wakaua wadudu waliokuwa wakiwasaidia. Hawakuacha kwa kuhubiriwa. Waliacha baada ya kulinganisha wenyewe majaruba yaliyopuliziwa na yasiyopuliziwa.

Mfugaji, Chanika

Ndugu mtoa hoja, heshima yako. Nimehudhuria mafunzo mawili, na muda wa kusubiri baada ya dawa kabla ya kuuza kuku au mayai naweza kuufundisha hata mimi. Swali langu ni nani anaulipia. Kuku 300 wa wiki ya 5, kila mmoja akila gramu 150 kwa siku, wanamaliza kilo 45, yaani karibu mfuko mzima wa kilo 50 kila siku. Lebo ikiniambia nisubiri siku 7, hiyo ni mifuko 6 na zaidi. Utasema kuku nao wataongezeka uzito. Ni kweli, lakini wanunuzi wangu hununua kwa kuku, hawapimi kilo, hivyo nyama ya ile wiki ya ziada nawapa bure.

Mwenye kuku wa mayai yuko pabaya zaidi. Kuku 300 wakitaga kwa asilimia 80 ni trei 8 kwa siku. Akisubiri siku 7 atakuwa na trei 56 za kufukia shimoni, huku majirani wakimtazama kama mwendawazimu.

Nisiwe mnafiki. Kundi langu la mwaka jana nililitibu, na siku ya 3 nikaliuza. Elimu ya kutosha nilikuwa nayo, ila stoo ilikuwa tupu.

Bwana mifugo mstaafu

Mfugaji wa Chanika amenirahisishia kazi. Ikiwa aliyefundishwa mara mbili anauza siku ya 3, basi elimu peke yake haikutosha. Mimi ni wa upande wa kabati. Antibaiotiki ni dawa za cheti, na tatizo ni kwamba cheti hakiulizwi. China ilipogundua jeni inayowapa bakteria usugu dhidi ya antibaiotiki ya kolistini, na taarifa hiyo ikachapishwa mwaka 2015, haikungoja kila mfugaji aelewe jeni ni kitu gani. Ilipofika mwaka 2017 iliondoa kolistini katika vyakula vya mifugo.

Hata hivyo, nilipokuwa kazini sikupata kuona mfugaji akimtafuta daktari kwanza. Huanzia dukani, na kuku aliyekufa kwenye mfuko wa plastiki, na muuzaji ndiye hupima, huandika na hutoa dawa kwa dakika 5. Kama mnataka kufundisha, mfundisheni huyo kabla ya mfugaji, kisha mtazame faida yake inatoka wapi. Denmark mwaka 1995 ilibana kwa sheria faida ambayo daktari wa mifugo aliruhusiwa kuipata kwa kuuza dawa, kwa sababu haikuona haki mtu yule yule aamue kama dawa inahitajika na papo hapo anufaike nayo ikiuzwa. Hapa kwetu mtu wa namna hiyo tumempa duka.

Muuza duka la dawa za mifugo

Mzee wangu, shikamoo. Mimi nimesomea mifugo, na nikimwambia mteja kwamba huu ni mdondo, kwamba ni virusi na hauna dawa, anavuka barabara kwenda duka la pili, ambako atauziwa. Mkifunga kabati langu bila kulifunga la jirani, mtakuwa mmeniadhibu mimi niliyesema kweli. Nami nauliza: cheti hicho kitaandikwa na nani, ikiwa daktari yuko mbali na kuku wanakufa usiku huu?

Mtoa hoja

Bwana mifugo, naikubali hoja yako kuhusu muuzaji, nami nabadilisha nilichosema: katika shamba darasa lolote, mwenye duka la mtaa huo akae kwenye mkeka pamoja na wafugaji wake, ili siku mteja akija na mfuko, wote wawili wawe wanasoma daftari moja. Kwa kolistini nakuunga mkono bila kusita, kwani ni dawa inayowekwa akiba hospitalini kwa wagonjwa ambao nyingine zimewashinda, na haina sababu ya kuwa kwenye ndoo ya kuku.

Lakini tusifanye haraka kusema kwamba mfano wa Chanika unaiangusha elimu. Alifundishwa muda wa kusubiri, ambao ni somo la mwisho, la kujifunza wakati ugonjwa umekwisha kuingia na hasara haikwepeki. Je, alifundishwa kukagua barafu kabla ya kulipia chanjo, kuchanganya maziwa ya unga katika maji ya chanjo ili kuipunguza nguvu klorini, na kuwanyima kuku maji kwa muda mfupi kabla ya chanjo ili wote wanywe? Wanorwe katika ufugaji wa samaki walitumia takriban tani 50 za antibaiotiki mwaka 1987. Mwishoni mwa miaka ya 1990 hazikufika hata tani 1, ingawa samaki waliongezeka mno, na sababu kubwa ilikuwa chanjo zilizofanya kazi. Samaki si kuku, najua, lakini hesabu ya kuzuia ni ile ile. Kwa mdondo sisi tuna chanjo ya I-2 inayostahimili joto, ya kudondoshea jichoni kila baada ya miezi 3, na bado nakutana na watu wenye kuku wa kienyeji ambao hawajawahi kuisikia.

Suala la mnunuzi wa kwa kuku sina jibu lake, na ndilo gumu kuliko yote yaliyosemwa hapa. Mfugaji wa Chanika, ukikubali, kundi lako lijalo tuliandikie hapa wiki kwa wiki, gharama za chanjo upande mmoja na za dawa upande wa pili, na muuza duka atuambie bei za kwake. Vifaranga wanaingia lini?

Mfugaji, Chanika

Jumamosi ijayo. Boksi la barafu nitakuja nalo mwenyewe.