Naombeni ushauri: wahusika wangu wameoana kwa mkataba, nashindwa kuwaachanisha

Binti Sura
Wakuu, habari za jioni. Naandika riwaya ya mapenzi ya kuchekesha. Nimeiweka Uingereza ya 1816, enzi ya Regency, Mfalme George wa Tatu akiwa mgonjwa na mwanawe akitawala kwa niaba yake. Lodi Ashcombe (Lodi ni cheo chake, si jina) ana mashamba makubwa na madeni makubwa zaidi. Harriet ana miaka 24, ana urithi wa baba yake mfanyabiashara, na anaishi kwa mjomba anayemlazimisha aolewe na mzee. Wanakubaliana waoane, kila mtu akae upande wake wa nyumba, kisha baada ya mwaka ndoa ibatilishwe kimya kimya kwa kuwa hawakulala pamoja.

Nimefika sura ya 14. Juzi niliwasomea wenzangu wa kikundi, hakuna aliyecheka. Niliumia. Je, ndoa ingebatilishwa kirahisi hivyo? Na kicheko nikitafute wapi? Nawasilisha.

Mama Vitabu
Dada, haikuwezekana. Wakati ule kutolala pamoja peke yake hakukuvunja ndoa. Mahakama ya kanisa ilitaka ithibitishwe kwamba mmoja wao hana uwezo wa tendo la ndoa, kwa kawaida baada ya kuishi pamoja miaka mitatu, na waganga wampime. Talaka ya kumruhusu mtu kuoa tena nayo ilihitaji kupitishwa na Bunge, sheria nzima kwa ajili ya ndoa moja. Hadi mageuzi ya 1857, wanawake wanne tu waliipata kwa njia hiyo.

Ila usiifute hiyo ahadi yao. Waache waiamini, halafu sura ya tano wakili awaeleze taratibu, taratibu, huku Lodi akitazama dari na Harriet akiuliza maswali ya kina mno. Kicheko chako kiko hapo: watu wawili wenye adabu wamejifungia wenyewe na ufunguo wameutupa.

Mzee wa Kalamu
Naunga mkono. Na fedha usizipite haraka. Mwanamke akiolewa, fedha zake taslimu zilikuwa za mume, isipokuwa zile zilizowekwa chini ya wadhamini kwa mkataba wa ndoa. Binti wa mfanyabiashara hawezi kusaini bila kusoma. Mwonyeshe akibishania bei ya mishumaa siku tatu kabla ya harusi, na bwana harusi aanze kumheshimu pale pale.

Halafu umechagua mwaka wa dhahabu! 1816 ndiyo mwaka ambao Ulaya ilikosa kiangazi, baada ya mlima Tambora wa Indonesia kulipuka Aprili 1815. Wao hawakujua sababu, waliona mvua na baridi tu. Basi nyumba yote iwe inavuja, na meko isiyofuka moshi iwe moja. Mkataba unasema wasikutane, baridi inawakutanisha kila jioni.

Mwana wa Pwani
Mimi nasema kuhusu majina. Mabwana na mabibi wa tabaka lile waliweza kuitana kwa vyeo hata nyumbani. Msomaji wetu hahitaji kufundishwa hilo, bibi zetu wangapi hawakutamka jina la mume maisha yao yote? Ficha jina la kwanza la Lodi kitabu kizima. Siku Harriet atakapolitamka kwa bahati mbaya, kwa hasira, mbele ya wageni, watu watacheka na kulia.

Binti Sura
Mungu awabariki. Nimekesha. Onjeni:

«Lodi Ashcombe, umekalia barua yangu.»
«Najua, bibi. Nimeikalia tangu saa mbili. Nikiinuka, utachukua kiti cha karibu na moto.»

Swali la mwisho: harusi itangazwe kanisani?

Mama Vitabu
Hahaha, hapo sasa! Hapana, matangazo ni Jumapili tatu mfululizo, mjomba atasikia. Kwa miaka 24 hahitaji idhini yake kisheria, lakini atamfanyia vurugu ndani ya nyumba. Wachukue leseni ya askofu. Na wafunge ndoa kati ya saa mbili asubuhi na saa sita mchana, ndivyo taratibu zilivyotaka. Mcheleweshe Lodi. Afike saa sita kasoro dakika nne, tope hadi magotini.