Wasimamizi wa D&D, Magic Mouth imewakosea nini?

Wakuu, leo mnivumilie, nimefura.

Kwa wasiocheza Dungeons & Dragons: huu ni mchezo wa mezani ambapo kila mchezaji anaigiza mhusika wake, na msimamizi anaendesha hadithi na kuamua kanuni. Magic Mouth ni uchawi wa daraja la 2. Unachagua kitu, iwe sanamu, mlango au jiwe, mradi hakijavaliwa wala kubebwa na mwingine. Unakiachia ujumbe usiozidi maneno 25, kisha unataja sharti. Sharti likitimia, mdomo unachomoza pale na kusema kwa sauti yako. Toleo la 5 la mchezo linataka sharti liwe la kuonekana au kusikika, na litokee ndani ya futi 30 kutoka kwenye kitu hicho. Ukishaheshimu hayo mawili, ruksa kulieleza sharti kwa undani upendavyo.

Sasa sikilizeni. Kundi letu liligawanyika mapangoni. Mchawi wetu akaweka ujumbe kwenye nguzo kuwaonya wenzetu wanaofuata nyuma kwamba daraja limetegwa. Sharti: atokee mtu aliyefunga kitambaa chekundu mkono wa kushoto, kama tulivyokubaliana kabla ya kuachana. Akataka useme mara moja tu kisha uchawi uishe, maana kanuni inampa mwenye uchawi hiari hiyo. Gharama tukalipa: sega la nyuki na unga wa jade wenye thamani ya vipande 10 vya dhahabu, ambavyo vinateketea hata ukiufanya kama ibada (njia ya polepole) ili usipunguze idadi ya uchawi unaoruhusiwa kwa siku.

Wakapita walinzi wa adui. Hakuna hata mmoja mwenye kitambaa. Msimamizi akatangaza: nguzo imeropoka! Tukamuuliza kwa nini. "Nguzo haina macho, itajuaje rangi?" Wenzetu walipofika, kimya, ujumbe ulishakwisha. Wakapanda darajani na tukazika mhusika wa kiwango cha 6.

Hilo ningemeza. Kikao kilichofuata tukakutana na sanamu ya simba, kazi ya mikono ya msimamizi huyohuyo. Simba akatusimamisha, akamnyooshea kidole (simba ana vidole, mnaona?) mwenzetu mmoja na kumwita msaliti, eti ameona nia iliyomo moyoni. Halafu akatutandika hotuba ndefu, maneno 25 yalipita kabla hajamaliza salamu. Tukauliza huo ni uchawi gani. Jibu: "Magic Mouth."

Yaani nguzo yetu haioni kitambaa, simba wake anaona moyo! Nia haionekani wala haisikiki. Hata matoleo ya zamani yalikuwa wazi kwamba uchawi huu hautambui tabia ya mtu wala kiwango chake, unaamua kwa yale ya nje tu.

Najua watakuja watu hapa na "msimamizi ndiye mwenye neno la mwisho". Sawa, awe nalo. Akitaka kuubana uchawi, aubane kabla hatujateketeza dhahabu, na simba wake naye abanwe. Akitaka simba ajue siri za watu, ampe uchawi mwingine au aseme wazi ni kitu alichobuni mwenyewe. Hatuna tatizo na kubuni.

Na msiniambie tungetumia Illusory Script, uchawi wa kuandika ujumbe wa siri. Maandishi yale hudumu siku 10, na wenzetu walikuwa gizani wakikimbia, nani angesimama kusoma?

Wasimamizi mliomo humu, mchezaji akikuandikia sharti linaloonekana, ndani ya futi 30, unamkatalia kwa kifungu gani? Nitajieni kifungu. Na huyo mhusika wetu arudishwe.