Bima wamekata makadirio ya paa zaidi ya nusu, mkandarasi anapingaje?

MjenziIlazo

Habari za humu wakuu. Nina kazi ya kurudisha paa Ilazo, hapa Dodoma. Nyumba ni mita 12 kwa 10, paa la pande mbili, mwinamo nyuzi 30, upenu sentimita 60 kuzunguka. Upepo umeng'oa upande mmoja wote, bati na papi zake (mbao zinazopigiliwa bati), na mvua ikashusha dari ya jipsamu kwenye vyumba vitatu, kila kimoja mita 4 kwa 3.5. BOQ yangu, yaani orodha ya vipimo na bei, imetoka shilingi 14,200,000.

Karatasi ya mtathmini wa kampuni ya bima inasema: bati mita za mraba 60, papi, dari bodi 9, na ufundi, jumla 10,500,000. Katoa uchakavu asilimia 30, katoa 500,000 ya mwenye bima kujigharamia, imebaki 6,850,000. Kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) hazimo kabisa, majukwaa ya kusimamia mafundi hayamo, kubomoa hakumo. Kusema "hela haitoshi" najua hakunifikishi popote. Nianzie wapi?

MkadiriajiMakole

Mkuu, usibishane na jumla. Bishana na kipengele kimoja kimoja, na uanze na vipimo, maana hapo hakuna maoni ya mtu.

Hizo mita 60 zimetoka wapi? 12 mara 10 ni 120, gawa kwa mbili. Mtathmini kapima sakafu, hakupima paa. Ongeza upenu kila upande: 13.2 kwa 11.2. Nusu yake kwa ramani ni mita za mraba 73.9. Paa limeinama nyuzi 30, kwa hiyo gawa kwa 0.866 (kosaini ya nyuzi 30), unapata 85.4. Hapo tayari kuna mita za mraba 25 zilizopotea kabla hujagusa bei hata moja.

Igeuze sasa kuwa bati, maana ofisi ya madai wanaelewa zaidi wakiona vipande. Urefu wa mteremko ni 5.6 gawa kwa 0.866, yaani mita 6.47, unaagiza bati za mita 6.5. Kama bati lako likishapandiana linafunika sentimita 68, urefu wa mita 13.2 unataka bati 20. Hizo ni mita 130 za bati. Kwa hesabu yake ni bati 18 za mita 5, yaani mita 90. Mweke mtu wa bima chini ya hilo paa na bati za mita 5 aone zinaishia wapi: hazifiki kwenye kofia, lile bati la kilele cha paa.

Kosa hilo moja linavuta mengine nyuma yake. Papi zikipangwa kila sentimita 90 ni mistari 9, karibu mita 119 kabla ya maungio. Misumari na ufundi navyo vimehesabiwa kwa hizo 60, kwa hiyo rudia vyote.

Dari: bodi ya 1.2 kwa 2.4 ni mita za mraba 2.88. Vyumba vyako vitatu ni mita za mraba 42, yaani bodi 15, na ukihesabu mikato ni 17. Bodi 9 maana yake kahesabu zilizoanguka tu. Jipsamu iliyolowa inavimba, karatasi yake inaachana na unga, na skrubu zinapita katikati kama kisu kwenye mkate. Bonyeza kwa kidole gumba mbele yake, ikibonyea hiyo imekufa hata kama bado iko juu. Na ukishabandika bodi mpya unapiga skimu na rangi chumba kizima hadi kona, kwa sababu kiraka cha katikati kitaonekana kila mwanga wa dirisha ukipita.

Vilivyosahaulika viandike peke yake chini: turubai la kuzuia mvua, kubomoa na kubeba kifusi, majukwaa, fisha bodi (ubao wa ukingo wa upenu), na kofia ya mgongo mita 13.2. Kofia watakuambia haikuharibika. Wajibu kwamba imeshika pande zote mbili, hulazi bati jipya bila kuing'oa, na mashimo ya zamani hayatakaa sawa na bati jipya.

Bei zake omba zimetoka wapi. Mara nyingi ni bei za Dar, na bati la kukatwa kwa oda linasafiri karibu kilomita 450 kufika hapa. Chukua proforma tatu za maduka ya Dodoma zenye TIN na tarehe, geji ileile, rangi ileile. Kama bati lililokuwepo lilikuwa geji 30, usiandike 28. Wakikukuta umepandisha daraja, hata hoja zako nzuri watazitilia shaka.

KenchiNkuhungu

Niongeze kwenye kenchi, maana hapo ndipo pesa nyingi inapotea Dodoma. Watakuambia mbao zililiwa na mchwa, na mchwa ni uchakavu, si janga la upepo. Wakati mwingine wana haki. Wewe unatakiwa uwaonyeshe ipi ni ipi.

Angalia pale mbao ilipovunjikia. Iliyovunjwa na upepo inachanika kwa nyuzi ndefu, rangi ya ndani bado mbichi na safi. Iliyoliwa inakatika fupi, ndani kuna mifereji na udongo mkavu. Piga picha ya kila mvunjiko kwa karibu ukiwa umeweka futi pembeni, kisha picha ya pili kwa mbali ionekane ni kenchi namba ngapi kutoka ukuta wa mashariki. Ziandike namba kwa chaki. Kama kati ya 9 zilizovunjika 2 zina mchwa, sema 2 zina mchwa. Hizo 7 nyingine zitakubalika kirahisi zaidi.

Kagua na pale kenchi inapokaa juu ya ukuta. Upepo ukiinua paa, mara nyingi kenchi inabaki nzima lakini misumari imevutwa sentimita mbili au tatu, au waya wa kufungia umekatika. Ukiwa chini huoni. Lazima upande, utoe dari, upige picha. Ukishafungua na kukuta uharibifu mpya, simamisha sehemu hiyo, waandikie bima siku hiyohiyo kwamba kuna nyongeza ya dai, na uwape nafasi ya kuja kuona. Ukitengeneza kwanza ukadai baadaye, hakuna cha kuonyesha. Mabaki ya bati na mbao usiuze wala usigawe mpaka waseme kwa maandishi, maana thamani yake wanaweza kuikata kwenye malipo.

Wakibisha kama kweli kulikuwa na upepo mkali, mwenye nyumba aombe takwimu za siku hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA.

Zuzu_Plaza

Mnazunguka sana. Bima siku zote wanakata asilimia 30, kwa hiyo BOQ iandike 20 milioni, wakikata mnakutana kwenye 14.

BimaAreaC

Hapana ndugu yangu, ushauri huo utamuumiza mteja. Mikataba ya bima ya majengo ina kifungu cha udanganyifu: dai likikutwa limetiwa chumvi kwa makusudi, linaweza kufa lote, hata ile sehemu ya kweli. Na jina la mkandarasi liko kwenye hiyo BOQ, lenye namba ya usajili wa Bodi ya Makandarasi.

MjenziIlazo, kabla hujatumia wiki nzima kwenye vipimo, mwombe mwenye nyumba akuonyeshe kiasi cha bima kilichoandikwa kwenye polisi, yaani hati ya mkataba wa bima. Hapa wengi wanashindwa bila kujua. Tuseme nyumba imekatiwa bima ya milioni 45, na kuijenga upya yote leo ni milioni 75. Amekata asilimia 60 tu ya thamani, kwa hiyo kifungu cha wastani kinampa asilimia 60 ya hasara. Hata BOQ yako ikikubaliwa yote, 14,200,000 inakuwa 8,520,000, toa 500,000 inabaki 8,020,000. Kinachobaki hapo ni cha mwenye nyumba, na ni vizuri alijue mapema kuliko kukudhania wewe umeshindwa kutetea. Kwenye karatasi uliyoitaja kifungu hicho hakijatumika, lakini hakikisha.

Uchakavu sasa. Soma polisi inalipa kwa msingi gani. Kama ni ya kurudisha kipya, ile asilimia 30 haina nafasi, ingawa kampuni nyingine huizuia mpaka kazi ikamilike ndipo iilipe. Kama ni ya kufidia thamani iliyokuwepo, uchakavu ni halali, ila haupigwi juu ya jumla kama kodi. Bati la miaka mingi limechakaa, sawa. Jipsamu iliyofungwa mwaka jana je? Majukwaa na kubeba kifusi vimechakaa wapi? Dai wauonyeshe kwa kila kipengele, pamoja na umri waliotumia.

VAT ya asilimia 18 iweke kama kampuni yako imesajiliwa kwa VAT na utatoa risiti ya EFD. Kama hujasajiliwa, iache.

Na jambo moja la heshima ya kazi: mkataba ni wa bima na mwenye nyumba, wewe humo kwenye mkataba huo. Apeleke yeye barua, wewe uwe kiambatisho. Akupe idhini ya maandishi kuelezea vipimo na gharama. Usikubali kulipwa asilimia ya dai ili umsimamie, hiyo ni kazi ya watu waliosajiliwa TIRA, mamlaka ya kusimamia bima.

MjenziIlazo

Asanteni sana, nimeshika. Kiasi cha bima nitakiulizia leo. Tatizo mwenye nyumba ameletewa fomu ya kusaini apokee hiyo 6,850,000, na mvua bado zipo. Anataka apokee kwanza, tudai nyingine baadaye.

BimaAreaC

Asisaini kabla hajasoma mstari wa chini. Fomu hizo kawaida zinasema anapokea kama malipo kamili na ya mwisho, na akisaini hivyo dai limefungwa. Aandike barua kwamba yuko tayari kupokea kiasi hicho kama malipo ya sehemu isiyobishaniwa, bila kuathiri haki yake ya kudai kilichobaki, na waandike fomu upya kwa maneno hayo. Wakati huohuo funika turubai na utunze risiti. Kuzuia hasara isiongezeke ni wajibu wake, na gharama yake inaingia kwenye dai.

Barua ya kupinga iwe kurasa mbili, ikiwa na jedwali la safu sita: kipengele, kipimo chao, kipimo chenu, bei yao, bei yenu, ushahidi namba ngapi. Iombe ripoti kamili ya mtathmini pamoja na ukaguzi wa pamoja pale Ilazo, yeye, wewe na mwenye nyumba, na ngazi iwepo. Mambo mengi ya vipimo yanaisha hapohapo juu ya paa. Mkikubaliana jambo, liandikwe na kusainiwa kabla hamjaondoka hapo.

Wakikwama, leteni mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa AQRB (bodi ya wasanifu na wakadiriaji majenzi) atoe ripoti huru. Kisha malalamiko rasmi kwa mkuu wa kampuni, na majibu yawe ya maandishi. Baada ya hapo ni TIRA, ambao wana ofisi hapahapa Dodoma, au Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Angalieni pia kifungu cha usuluhishi kwenye polisi: polisi nyingi za moto na majanga zinasema mgogoro wa kiasi cha fedha uende kwa msuluhishi wa kuteuliwa (si yule wa Migogoro ya Bima) kabla ya mahakama, na zina siku zake. Hizo siku zihesabuni tangu tarehe ya barua yao.

MkadiriajiMakole

Ukienda kwenye ukaguzi beba futi ya mita 30 na kipimo cha pembe, na upime mwinamo mbele yake. Akisoma mwenyewe nyuzi 30, ile 60 itabidi aifute.