Prosesa na kadi ya grafiki zinachemka zikifanya kazi pamoja: je, ninunue kipoozaji cha maji?

MchoraNyumba (Dar es Salaam)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninatumia kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Ryzen 9 5950X na kadi ya grafiki ya RTX 3090 kurenda picha za majengo (yaani kompyuta kukokotoa picha kamili kutoka kwenye mchoro) katika Blender, programu ya michoro ya 3D. Prosesa inapozwa na Noctua NH-D15, ule mnara wa vyuma wenye feni mbili. Kesi ina kioo mbele, feni tatu za kuingiza hewa nyuma ya kioo hicho, na feni moja ya kutoa hewa upande wa nyuma.

Nikiitumikisha prosesa peke yake inatulia kwenye nyuzi 76, na kadi peke yake nayo haina shida kubwa. Zikifanya kazi pamoja, haipiti nusu saa prosesa inafika nyuzi 90 na kuanza kujipunguzia kasi, na kumbukumbu ya kadi ninaiona kwenye HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya joto, ikigusa 108. Feni zinavuma kiasi kwamba siwezi kupokea simu nikiwa mezani. Chumba hakina kiyoyozi, na mchana wa Februari huwa nyuzi 32 humu ndani. Duka moja limenishauri ninunue kipoozaji cha maji chenye rejeta (sehemu yenye mapezi na feni inayopoza maji) ya milimita 360. Kwa kuwa bei yake si ya kuchezea, naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha.

FundiGerezani

Ndugu yangu, subiri kwanza. Maelezo yako yenyewe yanaonyesha tatizo lilipo: kama kila kifaa kinatulia kikiwa peke yake, basi kipoozaji cha prosesa kinatosha, na kinachokosekana ni hewa safi ambayo vifaa vyote viwili vinaigombania. RTX 3090 hutumia hadi wati 350, na kadi nyingi za aina hiyo hazitoi joto nje ya kesi, bali hulimwaga humo humo, likapanda moja kwa moja hadi kwenye mnara wa prosesa. NH-D15 ni kipoozaji kizuri sana, lakini hakiwezi kupoza kwa hewa ambayo tayari ina nyuzi 50.

Tufanye hesabu kidogo. Prosesa yako kwa mipangilio ya kiwandani huishia wati 142. Ukijumlisha kadi, madabodi na feni zenyewe, unazungumzia takriban wati 540 za joto. Ili hewa inayopita ndani ipande nyuzi 10 tu juu ya joto la chumba, unahitaji kupitisha zaidi kidogo ya mita za ujazo 160 kwa saa. Feni nzuri ya milimita 120 huandikiwa kama mita za ujazo 100 kwa saa, lakini kipimo hicho huchukuliwa feni ikiwa wazi kabisa, bila kichujio wala kizuizi chochote mbele yake. Ukiweka kioo mbele ya feni tatu na kuziachia upenyo wa upana wa kidole pembeni, hata zikiwa sita hazitapata hewa ya kuvuta.

Jaribio lake halina gharama. Anza kurenda, subiri joto litulie, kisha ondoa kioo cha mbele huku kazi ikiendelea, na usome tena vipimo baada ya dakika 20. Wakati huohuo chukua kipande chembamba cha karatasi laini, kipitishe kwenye upenyo wa pembeni mwa kioo, halafu nyuma kwenye feni ya kutoa, halafu kwenye matundu yaliyo chini yake, karibu na kadi. Karatasi itakuonyesha hewa inaingilia wapi, inatokea wapi, na ni wapi imesimama tu.

MchoraNyumba

Nimefanya kama ulivyoelekeza, mkuu, na nashukuru. Kioo kilipotoka, prosesa ilishuka kutoka 90 hadi 81, na kumbukumbu ya kadi kutoka 108 hadi 98. Kwenye upenyo wa pembeni karatasi ilitikisika kidogo tu. Kioo kilipoondoka ikanasa kwenye kichujio na kubaki hapo. Nyuma, feni inatoa hewa ya moto kweli, ila kwenye matundu ya karibu na kadi karatasi ilining'inia bila kusogea. Swali langu sasa ni hili: nikibadilisha kesi, je, rejeta ya 360 ikifungwa juu bado itakuwa na faida?

PwaniTek (Mombasa)

Mimi ninatumia kipoozaji cha maji hapa Mombasa na sina ugomvi nacho, kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba hakifai kabisa katika joto letu la pwani. Hata hivyo kwa tatizo lako hakitasaidia inavyotakiwa. Maji hayaondoi joto duniani; yanalihamisha tu kutoka kwenye prosesa hadi kwenye rejeta, na hapo hewa ileile ya nyuzi 32 ndiyo inayolipokea. Ukiifunga rejeta mbele, joto la prosesa linaingia kwenye kesi na kuiangukia kadi, ambayo ndiyo mgonjwa mkubwa zaidi. Ukiifunga juu ikitoa hewa nje, kadi inapata nafuu kidogo, lakini rejeta itapozwa na hewa ambayo kadi imekwisha kuichemsha.

Zaidi ya hayo kuna pampu, ambayo siku moja itakufa, na vipoozaji vingi vya aina hii havina mahali pa kuongezea maji. Ukiamua kukinunua siku za usoni, hakikisha sehemu ya juu ya rejeta iko juu kuliko pampu, ili mapovu ya hewa yakusanyike huko badala ya kuzunguka ndani ya pampu. NH-D15 ikiharibika feni, unanunua feni nyingine na maisha yanaendelea.

Nina wasiwasi zaidi na hiyo nyuzi 108. Kadi ya 3090 ina gigabaiti 24 za kumbukumbu, na nusu ya chipu zake zimekaa upande wa nyuma wa kadi, chini ya bamba, mahali ambapo feni za kadi hazifiki. Chipu hizo hujipunguzia kasi zikifika 110. Feni moja ndogo inayopuliza juu ya bamba hilo itakupa nafuu ambayo rejeta ya bei yoyote haitakupa.

Vumbi_la_Dodoma

Naongezea jambo ambalo halijatajwa: punguza joto pale linapozaliwa. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike `nvidia-smi -pl 280`, na kadi haitavuka wati 280. Kwa kurenda, muda unaoongezeka ni mdogo ukilinganisha na wati 70 unazoziondoa, kwa sababu wati za mwisho kadi huzitumia kutafuta kasi kidogo sana. Kumbuka kwamba ukiwasha upya kompyuta, amri hiyo hupotea, hivyo iwekee utaratibu wa kujiendesha yenyewe. Prosesa nayo ina Eco Mode, hali ya kubana umeme, ndani ya BIOS (mipangilio ya madabodi inayofunguliwa kompyuta inapowaka); ukichagua ile ya wati 65, kikomo chake cha umeme hushuka kutoka 142 hadi 88. Mimi ningeanza na kadi peke yake na kuiacha prosesa kwanza.

Kuhusu kesi, tafuta yenye wavu mbele badala ya kioo, lakini usishawishike kutoa vichujio ili upate hewa zaidi. Huku kwetu kesi isiyo na kichujio hujaa vumbi jekundu upesi mno, na vumbi likishajaza mapezi ya kipoozaji, hesabu zote za fundi zinakuwa bure. Ziache feni za kuingiza zizidi kidogo zile za kutoa, ili hewa itoke kwa nguvu kwenye kila tundu dogo badala ya kuvutwa ndani pamoja na vumbi.

FundiGerezani

Naafikiana na wenzangu, hasa kwenye hizo wati 280. Baki na NH-D15, ila pima kwanza, kwa maana ina urefu wa milimita 165 na si kila kesi inaimeza. Kwenye kesi mpya weka feni tatu mbele, moja nyuma, na moja juu upande wa nyuma kabisa, zote mbili za mwisho zikitoa. Usiifunge ile ya juu upande wa mbele, kwa sababu pale itainyakua hewa safi kabla haijafika kwenye prosesa. Kesi ikiwa na nafasi ya feni chini ya kadi, ziwekwe huko zikiingiza. Ndipo matundu yale ambayo karatasi ilining'inia yataanza kupumua. Kesi isikae ndani ya kabati la meza wala juu ya zulia, kwa kuwa pawasaplai huvuta hewa yake kutoka chini.

Pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na kipoozaji, ibadilishe wakati wa kuhamisha. Na siku ya kupiga blowa, zuia mapanga ya kila feni kwa kidole kabla hujafyatua, kwa sababu feni inayozungushwa na upepo kupita kasi yake huharibu beringi.