MREJESHO: Gobore la kaliba 50, risasi na kipimo cha baruti kwa kulungu

Wakuu nimerudi, ni mimi niliyeuliza kwa nini gobore langu linatawanya risasi nikipakia baruti greni 100 (greni ni kipimo kidogo cha baruti na risasi) na risasi ya greni 250 yenye saboti, yaani kikombe cha plastiki kinachoishika risasi ndani ya mtutu. Aliyesema nipunguze baruti asante sana kaka, nilianza na 70 nikawa napanda tano tano, kwenye 80 risasi tatu zikakaa ndani ya inchi 2 kwa yadi 50, kupita hapo zinaachana tena.

Ila kilichosaidia zaidi ni kupitisha kitambaa chenye unyevu kidogo mtutuni kila baada ya kupiga, mana masizi yalikuwa yanafanya risasi ya tatu ikwame njiani bila kufika kwenye baruti na hiyo ni hatari kabisa, sasa hivi nimeweka alama kwenye fimbo ya kushindilia ili nione kama risasi imefika chini.

Risasi ya duara inayozungushiwa kitambaa wakati wa kupakia imegoma, mifereji ya ndani ya mtutu wangu inazunguka mara moja kila inchi 28, mtutu wa hivyo unapenda risasi ndefu. Kulungu nimepata kwa yadi 60, hakwenda mbali. Yadi 100 bado zinatawanyika, kwa hiyo umbali huo sipigi mnyama kwanza. Asanteni sana wote.