Manusura wa ukatili wa kijinsia: ushauri nasaha ulikusaidiaje? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada
Wapendwa, wengi hawaendi kwa mshauri nasaha wakihofia kuamriwa: achana naye, kashitaki, samehe. Niliyempata mimi hakuniamuru lolote. Aliniambia nianzie ninapotaka, na nisipojisikia kusema, tukae tu. Nilikuwa najilaumu sana kwa nini sikupiga kelele. Akanieleza kuwa mwili ukizidiwa na hofu huweza kuganda, sauti isitoke, na kumbukumbu zikabaki vipande vipande. Haina maana kwamba nilikubali. Tangu hapo nikaanza kupata usingizi. Nanyi je? Tusitaje majina wala mahali, tafadhali.

Dada Mkubwa
Nilimsindikiza mdogo wangu aliyebakwa. Jamani, hospitali kwanza! Dawa za kuzuia VVU (PEP) huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa ina thamani. Humezwa siku 28. Za kuzuia mimba zina nafasi hadi siku 5. Asioge kabla ya kupimwa, na nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, maana plastiki hutunza unyevu ukaharibu ushahidi. Ameshaoga? Aende vilevile. Ushauri ulifuata baadaye, na mimi pia nikapewa wangu, kwani nilikuwa silali.

Mama wa Wawili
Mshauri wa kwanza alitukalisha na mume wangu pamoja, akaniuliza mbele yake kama ananipiga. Ningejibu nini? Nikakana, na tulipofika nyumbani nikapigwa kwa sababu tu ya kwenda kule. Ukiona unakalishwa na anayekuumiza, omba kuonwa peke yako. Wa pili alinisikiliza faragha, tukapanga usalama: vyeti vya watoto nikavihifadhi kwa mtu ninayemwamini, nikakubaliana na dada yangu neno la kumjulisha hatari. Alinionya kuwa wakati wa kuondoka ndio hatari huzidi, kwa hiyo nisimtishie mume kwamba naondoka. Nilitoka salama na wanangu.

Kaka Mkimya
Mimi ni mwanaume, nilifanyiwa utotoni. Nilinyamaza hadi ukubwani. Mshauri aliniamini bila kunihoji kama polisi. Hilo tu lilinitosha kurudi tena.

Mwanzisha mada
Asante kaka, pole sana. Kuna aliyempeleka mtoto mdogo? Nasikia wengine huwaachia wachore au wacheze badala ya kuwahoji. Tuelezeni ilivyokuwa, kuna mzazi kaniuliza na sina la kumjibu.