Matawi ya paini yamejaa shambani Mufindi, nichome au niache yaoze?

Mtoto wa Tabata: Wakuu habari za jioni. Niko Dar ila nina heka 3 za paini Mufindi, tulivuna mwezi wa nne, mnunuzi kabeba magogo kaacha matawi yanafika magotini. Nataka nipande tena mvua zikianza. Nichome au niache? Usingizi sipati.

Fundi Keko: Mkuu uliuza bei gani? Mimi mbao naletewa mbichi, kabati linapinda mteja hata hajamaliza kulipa.

Bwana Miche: Usichome. Yakatekate yalale chini, tawi lililoning'inia linakaushwa na jua halafu kuvu hailiwezi. Geuza yale yanayogusa udongo utaona nyuzi nyeupe, ndo kuvu yenyewe iko kazini. Ila usiyafukie, vijidudu vinavyoozesha mbao vinataka naitrojeni na kwenye mbao ni kiduchu, vitaichota kwenye udongo miche ibaki ya njano. Magogo mlivuta na nini?

Mtoto wa Tabata: Trekta. Mvua ilikuwa inapiga.

Bwana Miche: Aisee. Alipopita trekta pameshindiliwa, hewa haipiti, hapo kuoza ni kwa kusuasua na mizizi itateseka. Mbona kama ulishaamua lakini?

Mtoto wa Tabata: Kuna vijana nimewapa nusu ya hela, wanachoma kesho. Kwani majivu si mbolea jamani?

Bwana Miche: Yana potasiamu na chokaa kweli, ila mvua ya kwanza tu inayasomba, na naitrojeni inaondoka na moshi. Mwenye shamba amekubali?

Mtoto wa Tabata: Shamba la mama mkwe. Hajui kama nimevuna, nilitaka akienda akute miche tayari. Hela nitarudisha, ni mipango tu.

Dada Mbezi: Ndo maana usingizi huna! Umemuibia mkwe afu unauliza habari za matawi? Mjomba wangu alichoma hivyo hivyo, moto ukavuka barabara ukala miti ya jirani, mpaka leo wakikutana msibani hawasalimiani.

Kiboko wa Chai: Chai hii. Juzi si ulileta uzi unauza bajaji ulipe kodi? Leo una heka 3? Weka picha.

Mtoto wa Tabata: Ule aliandika shemeji kwa simu yangu. Picha bando likikaa sawa.

Kiboko wa Chai: Sukari imezidi.

Bwana Miche: Chai au si chai, wapigie hao vijana sasa hivi.

Mtoto wa Tabata: Hawapatikani.

Fundi Keko: Bei hujasema mkuu.